np.polyfit kwa wanaohitaji ±: uzoefu wangu

Kwa kupitisha mstari nyoofu katikati ya vipimo, sijaona sababu ya kuiacha `np.polyfit` ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python. Ni amri moja tu, na mteremko unaoupata ni sahihi. Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja naikata kwa sababu ya `cov=True`, na mwenye kuitumia kujaza safu ya ± (ukubwa wa shaka ya kila jibu) kwenye jedwali la maabara ajue kwa nini.

Hadi toleo la 1.15, nyaraka zilisema tu kwamba `cov=True` inarudisha matriki ya kovariansi ya makadirio, yaani jedwali la namba ambamo ± hutolewa. Vitabu vya takwimu hugawa jumla ya miraba ya mabaki (tofauti kati ya vipimo na mstari) kwa M − N, yaani idadi ya vipimo kutoa idadi ya vigezo; mstari nyoofu una viwili, mteremko na mahali unapokata mhimili wa y. Kodi ikawa inagawa kwa M − N − 2. Sababu ilikuwepo, ila ilikaa ndani ya faili la kodi: kwa hesabu za Bayes, kovariansi ya mgawanyo wa Student-t inayo hiyo 2, na makadirio yanakuwa ya tahadhari zaidi. Hoja si ya kipuuzi. Lakini nani anafungua kodi ili tu achore mstari? Aliyelinganisha na `curve_fit` ya SciPy, maktaba nyingine ya Python, alipata majibu mawili kwa data ileile, na nyaraka hazikumsaidia.

Jaribu mwenyewe. Weka x = 0, 1, 2, 3, 4 na y = 1, 3, 2, 5, 4. Mteremko ni 0.8 kwenye matoleo yote. Jumla ya miraba ya mabaki ni 3.6, na jumla ya miraba ya (x − wastani) ni 10. Kwa M − N = 3, kosa sanifu la mteremko (± yake) ni kipeuo cha pili cha 0.12, yaani 0.346. Toleo la zamani linagawa kwa 1, kwa hiyo linatoa 0.6 kamili. Kwa vipimo 10 tofauti inashuka hadi kama asilimia 15, na kwa vipimo 100 ni asilimia 1 tu. Ndiyo maana wenye data nyingi hawakushtuka, huku anayesawazisha kifaa kwa nukta tano akiumia. Ukiwa na nukta nne, toleo la zamani linakataa kabisa na kutoa ujumbe wa hitilafu.

Toleo la 1.16, la Januari 2019, lilihamia kwenye M − N na kuongeza `cov='unscaled'`, isiyokuza wala kupunguza kovariansi kwa mabaki. Skripti ya zamani haijabadilika hata herufi, lakini ± zake zimebadilika. Andika namba ya toleo kando ya jedwali.

Kuhakiki ni kazi ya dakika moja: chapa `np.__version__`, kisha kwenye IPython andika `np.polyfit??` utafute mstari unaoanza na `fac =`, ambamo ugawaji huo unafanyika. Angalia usiteleze hapo: `order` ndani ya kodi ndiyo ile N, yaani `deg + 1`, si kipeo cha juu cha polinomia (`deg`). Kwa mstari nyoofu ni 2.

Uzito nao una mtego. `w` huzidishwa na baki kabla halijapigwa mraba, kwa hiyo unaweka 1/sigma, sigma ikiwa kosa sanifu la kila kipimo. Aliyezoea `lm` ya R, lugha ya takwimu, inayotaka 1/sigma², akihamisha safu ilivyo anaharibu kila kitu bila onyo lolote. Na kama sigma zako ni za kweli, zimepimwa, tumia `'unscaled'`. La sivyo programu inazikuza au kuzipunguza kufuatana na mabaki.

NumPy sasa inapendekeza `Polynomial.fit`. Ni imara zaidi kwa vipeo vikubwa, lakini haitoi kovariansi, vigezo vyake vinaanzia kipeo cha chini, na havisomeki kwa x yako mpaka uite `.convert()`. Kwa ± bado niko na `polyfit`, toleo la 1.16 kwenda juu.