Ventoy na mfumo uliojijengea mwenyewe: nimeipima hapa Mwanga, Kigoma

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani kuna Ventoy, programu ya kuwashia mashine kutoka kwenye flashi, na siipimi kwa Ubuntu wala Windows, hilo wengi wameshalifanya. Naipima kwa mfumo endeshi niliojenga mwenyewe juu ya Debian (aina ya Linux) kwa live-build, zana yake ya kujengea mifumo: LibreOffice, kivinjari, programu za kuchapisha na kuskani, basi. Umekusudiwa steshenari za hapa Mwanga, ambazo nyingi zinakula mkate kwa laptopu za mtumba. Na tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, wenye mashine hizo wanauliza sana.

Tuelewane kwanza jambo moja. Ukishajenga, unapata faili la ISO, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja. Ukilinakili kwenye flashi kama unavyonakili wimbo, mashine haitabuti, yaani haitawaka kwa mfumo huo, hata ulie. Laptopu hii ya kushoto ni ya zamani, ina BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine. Yenyewe inasoma baiti 512 za mwanzo kabisa za flashi na kuangalia mbili za mwisho: lazima ziwe 55 na AA. Zisipokuwepo, inakupita tu, kama mkaguzi wa treni asiyetaka kusikia habari ya tiketi uliyoisahau nyumbani. Hii ya kulia ni ya UEFI, mrithi wa BIOS. Haina habari na hizo baiti, inatafuta patisheni (kipande cha flashi) ya FAT yenye folda ya EFI, ndani yake BOOT, ndani yake faili liitwalo BOOTX64.EFI. Mlango tofauti, ufunguo tofauti. Mfumo wako unatakiwa uwe na funguo zote mbili.

Sasa Ventoy. Unaisakinisha kwenye flashi mara moja, na flashi inafutwa, kwa hiyo toa picha zako za harusi kwanza. Inaigawa mara mbili: patisheni kubwa ya exFAT ya kuwekea ISO, na kadogo ka MB 32 kanakobeba programu zake za kuwashia. Baada ya hapo kazi yako ni kunakili tu. Washa mashine, menyu inakuja na ISO zako zote, chagua. Kwa mtu anayejenga mfumo hii ni raha tupu! Umebadilisha fonti, umejenga upya, unanakili faili jipya juu ya lile la zamani, unajaribu. Rufus na Etcher, programu za kuandika ISO kwenye flashi, ni wazuri, lakini kila toleo jipya unaandika flashi upya. Na kwa kuwa ni exFAT, ISO inayozidi GB 4 inaingia bila ugomvi, FAT32 ingeikataa.

Kwenye laptopu yenye Secure Boot, ulinzi unaokubali tu programu za kuwashia zenye sahihi inayotambulika, mara ya kwanza inatokea skrini ya bluu. Msishtuke, chagueni kusajili ufunguo wa Ventoy, mashine iwake upya, yamekwisha kwa mashine hiyo.

Tatizo langu na Ventoy ni kwamba inakusaidia kupita kiasi. Tazameni. Hii ISO nimeijenga makusudi kwa aina ya kawaida, `iso`, badala ya `iso-hybrid`, ile inayobeba pia baiti za kuwashia kutoka kwenye flashi. Kwenye Ventoy... hiyo, imewaka. Sasa ISO hiyohiyo nimeiandika moja kwa moja kwenye flashi nyingine, naichomeka kwenye hii ya BIOS... hakuna kitu. Kwa nini? Zile 55 na AA kwenye flashi ya kwanza ni za Ventoy, si zangu. Ungempa mteja wa Kasulu ISO hii ukiamini iko sawa, angekupigia simu usiku.

Wanaojenga kuanzia mwanzo, wale wa Linux From Scratch (mradi wa kujijengea Linux kipande kwa kipande), kwenu ni kinyume chake: ISO isiyo na kasoro inaweza kukwama kwenye Ventoy. Kwa mifumo mingi ya Linux, Ventoy huionyesha keneli (moyo wa Linux) ile ISO kwa njia ya device mapper, sehemu ya keneli inayounda diski za kufikirika. Ukiitoa hiyo device mapper ili keneli iwe nyepesi, keneli itawaka kisha isione faili zake.

Kuna lingine la kuaminiana. Ventoy ni programu huria, lakini msimbo wake umebeba faili zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine (compiled), ambazo si rahisi kuzikagua, na watu wamelilalamikia hilo hadharani. Kwa majaribio sijali. Kwa mashine ya ofisi inayoshika pesa za watu, nisingeitumia kusakinishia.

Kwa hiyo kwangu Ventoy ni ya karakana, naipa nane kwa kumi. Toleo la kumpa mtu liandikeni ghafi kwa dd, amri ya Linux ya kunakili baiti kwa baiti, kisha mhakikishe linawaka kwenye BIOS na UEFI. Amri hii hapa kwenye skrini:

`sudo dd if=mfumo.iso of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress`

Hiyo X msiibuni. Andikeni `lsblk`, amri inayoorodhesha diski, kabla na baada ya kuchomeka flashi, muone ni jina gani limeongezeka, maana dd haiulizi mara mbili: ukiielekeza kwenye diski ya laptopu, inaandika hukohuko.