Silikoni ya kalibu kutoka Kikuubo: ya bati na ya platinamu, baada ya miezi 14

Tangu nianze kumwaga kalibu zangu mwenyewe hapa Bombo, Uganda, nimemaliza kilo 11 za silikoni, ule uji unaoganda kuwa mpira. Kilo 7 ni ile inayogandishwa kwa kigumishi chenye madini ya bati, kilo 4 ni ile inayogandishwa kwa platinamu. Zote nilizinunua Kikuubo, soko la jumla la Kampala, kwenye duka moja la rangi na resini, na jina lake silitaji kwa sababu nina malalamiko nalo. Nawaandikia wenzangu wa sabuni, mishumaa na mapambo ya jipsam. Kila wiki kuna anayenipigia akiuliza anunue ipi, na jambo hili haliishi kwa simu ya dakika mbili.

Bei kwanza. Ya bati nililipa shilingi 78,000 kwa kilo, pamoja na kichupa cha kigumishi. Ya platinamu ilinigharimu 145,000 kwa kilo, na hiyo huja kwa makopo mawili, A na B, nusu kilo kila moja. Ongeza nauli ya teksi kutoka Bombo kwenda na kurudi, na siku nzima ya kusukumana Kikuubo.

Nianze na ya bati, maana ndiyo wengi wetu tunaanza nayo. Ni nyeupe, nzito kama uji wa ulezi uliokaa, na ukiweka kigumishi inatoa harufu ya spiriti. Harufu hiyo ni alkoholi inayotoka silikoni inapoganda. Kalibu yangu ya kwanza ilikuwa ya ua la dari, upana wa sentimita 40, kwa ajili ya fundi anayejenga Wobulenzi. Nilimwaga jioni, asubuhi nikabandua. Ilishika kila kitu, hata alama ya kidole changu nilichogusia udongo bila kujua. Ndani ya kalibu hiyo nimetoa maua 63 ya jipsam, na la mwisho halikutofautiana na la kwanza isipokuwa kwa kipimo: miezi 8 baadaye kalibu ilikuwa imepungua milimita 2. Kwa ua la dari hilo si kitu. Kwa kifuniko kinachotakiwa kukaa juu ya chombo chake, ni hasara.

Kwa jipsam, basi, naisifu bila kusita. Mvua za Aprili zinaifanya igande haraka zaidi, kwa sababu inahitaji unyevu wa hewa. Kiangazi ipe nafasi, usiibandue kabla ya saa 24.

Tatizo langu lilianza kwenye mishumaa. Nilimwaga kalibu ndani ya kopo la maziwa ya unga, ndefu na nyembamba, na kesho yake nikaanza kazi kwa sababu oda ilikuwa imenibana. Nta ilikuwa na nyuzi 75 hivi. Nikamimina, nikafunika kopo ili nta isipoe haraka. Mshumaa wa kwanza ukatoka safi, wa pili pia. Wa tatu ulikataa. Nilipoingiza kidole ndani, ukuta wa kalibu ulikuwa umelegea na kunata kama ulimbo wa fenesi, ule unaokushika mpaka ukaombe mafuta ya kupikia jikoni. Silikoni iliyokuwa mpira jana ilikuwa inarudi kuwa uji.

Nilirudi dukani na lile kopo. Muuzaji akanijibu, "Mama, umeichoma, hiyo haivumilii moto." Sikukubali, kwa sababu kwenye nyuzi 75 hata maji hayajachemka. Nikakaa chini nisome, nikamsumbua pia mwalimu wa kemia tunayesali naye, mpaka nikaelewa. Nitaeleza, maana usipoelewa hapa utapoteza pesa kama nilivyopoteza mimi.

Kiswahili chetu kimevipa vitu viwili jina moja. Kuna silikoni ile elementi, inayopatikana kwa kuchoma mchanga wa kwatzi pamoja na kaboni kwenye tanuri la umeme. Na kuna silikoni hii yetu ya mpira. Mwaka 1940 Eugene Rochow, mkemia wa General Electric huko Marekani, aligundua kwamba unga wa ile ya kwanza ukipitishiwa gesi ya kloridi ya methili kwenye joto la nyuzi 300 hivi, shaba ikiwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi, unapata kimiminika cha kujengea ile ya pili. Richard Müller wa Ujerumani alifika palepale karibu wakati uleule, kila mmoja kwa njia yake. Kimiminika hicho kikikutana na maji kinageuka minyororo mifupi na pete, silikoni ile elementi na oksijeni zikipokezana kama shanga za rangi mbili kwenye uzi mmoja.

Pete hizo ndizo kiwanda kinazozifungua na kuziunganisha kuwa minyororo mirefu. Na kinachozifungua, mara nyingi, ni hidroksidi ya potasiamu, ndugu wa damu wa kostiki tunayopikia sabuni. Sasa sikilizeni vizuri. Kichocheo kile hakijui kujenga tu. Kinakata na kuunga, kinakata na kuunga, mpaka mambo yasimame kwenye mizani yake, na hapo zaidi ya sehemu 1 kati ya 10 inakuwa bado ni pete. Kiwanda makini kinafanya mambo mawili baada ya hapo. Kinaua kichocheo kwa kukizimua na asidi, kisha kinapasha moto chini ya pampu ya kunyonya hewa ili pete zilizobaki ziruke. Kisichofanya hivyo kinakuuzia uji wenye mkasi ndani. Ukiupasha moto, minyororo inajikata na kurudi kuwa pete.

Yangu ilikuwa na mkasi wa namna nyingine. Kichocheo cha bati kilichomo kwenye kigumishi hakitoki baada ya kazi, kinabaki ndani ya mpira. Kalibu ikiwa changa, ile alkoholi na unyevu bado vimo ndani. Ukiifungia ndani ya kopo, ukaipa joto kabla havijatoka, bati linageuza kazi: linavunja viungo lilivyovifunga jana. Kalibu ya pili niliiacha wazi kivulini siku 7. Nilikuwa naipima kila asubuhi kwa mizani ya dijitali: siku ya kwanza gramu 412, siku ya saba gramu 407, halafu ikaacha kushuka. Nikamimina nta ileile, kwa joto lilelile, bila kufunika. Imeshatoa mishumaa 90 na bado inabana vizuri.

Kwa hiyo muuzaji hakuwa mwongo kabisa, lakini hakunipa maelezo ambayo yangeniokoa. Na la kipimo ndilo linaloniudhi zaidi. Aliniambia niweke "vifuniko viwili" vya kigumishi kwa kilo. Nilivipima nyumbani: mara gramu 9, mara gramu 14, kulingana na mkono wangu. Silikoni ile inataka gramu 3 kwa kila gramu 100, yaani gramu 30 kwa kilo. Ukipunguza inabaki ikinata, ukizidisha inaganda upesi na kuwa ngumu, halafu inachanika kwenye pembe. Mizani ya jikoni ya shilingi 35,000 imenilipa mara kumi.

Kwenye sabuni ya kostiki naipa ya bati alama ya kati. Sabuni ikiwa mbichi ni kali, na ukali ule unakula viungo vya silikoni polepole. Kalibu yangu ya miche sita ilianza kupoteza mng'aro baada ya mapishi 30 hivi, na sabuni zikatoka na uso wa vumbivumbi. Sasa nasubiri uji wa sabuni ukaze zaidi kabla ya kumimina, nabandua siku inayofuata na kuosha kalibu papo hapo. Inadumu, ila si milele.

Ya platinamu ni kitu kingine. Makopo A na B yanachanganywa sawa kwa sawa, haina harufu yoyote, na haiachi kitu kinachoruka inapoganda, kwa hiyo haipungui kwa kiasi ambacho rula yangu inaweza kuonyesha. Ni laini kama sikio. Kalibu ya waridi niliyotengeneza nayo naipindua nje ndani kama soksi na inarudi. Platinamu nayo inabaki ndani, lakini viungo inavyovifunga haivifungui kwa joto letu la jikoni, kwa sababu kiungo chake si cha aina ile ya kwenda na kurudi.

Lakini inadeka. Kopo la kwanza niliharibu lote. Nilichonga mfano kwa plastisini, ule udongo wa kuchezea wa watoto wa shule, nikavaa glavu za mpira, nikamwaga. Siku mbili baadaye ndani palikuwa bado panateleza kama yai bichi, nje pameganda. Salfa iliyomo kwenye baadhi ya plastisini na kwenye glavu za mpira inaishika platinamu isifanye kazi. Hata kijiko nilichochanganyia silikoni ya bati kinatosha kuiharibu. Hayo hayakuandikwa popote kwenye makopo, kwa sababu muuzaji anapunguza kutoka pipa kubwa na kubandika karatasi yenye herufi A na B tu. Siku hizi nina vyombo vya aina mbili kabisa, vya silikoni ya bati rafu ya chini na vya platinamu rafu ya juu, glavu za nitrili, na kila mfano mpya naujaribu kwanza kwa tone moja pembeni.

Sasa lililonifanya niandike haya yote. Dada yangu mkubwa anaoka keki Wobulenzi, akaniambia, "Mdogo wangu, nifanyie kalibu za keki, za dukani zinachanika." Nikaenda Kikuubo kumuuliza yule muuzaji. "Hajji, hii ya bati inafaa chakula?" Akanijibu bila kuinua macho, "Inafaa, mama, silikoni zote ni moja."

Si moja. Kalibu ya silikoni ya bati isiguse chakula. Kile kichocheo kinabaki ndani, na chakula chenye mafuta kinavuta vilivyomo. Nilitaka kuona kwa macho yangu, tukafanya jaribio kwenye oveni ya dada siku isiyo na keki, madirisha wazi. Ujerumani, taasisi ya BfR inayoshughulikia usalama wa vyakula imependekeza kwamba silikoni ya chakula isipoteze zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake ikikaa saa 4 kwenye nyuzi 200. Tukachukua kipande cha silikoni ya bati cha gramu 50.0 na kikombe cha platinamu cha gramu 186.4. Baada ya saa 4 kikombe kilikuwa gramu 185.7, sawa na asilimia 0.4 hivi. Kipande cha bati kilishuka hadi gramu 48.6, karibu asilimia 3, kikatoka kikiwa kigumu pembezoni na oveni ikanuka mpaka usiku. Mizani yangu si ya maabara, lakini tofauti hiyo haihitaji maabara.

Na hata ya platinamu, jaribio langu halikutosha kuwapa watu keki. Nilidai karatasi ya mtengenezaji inayosema ni ya chakula. Mara mbili niliambiwa itakuja kesho. Mara ya tatu nilimwambia Hajji silipi mpaka niione, akaitoa ndani ya dakika kumi, imekunjwa chini ya mashine ya hesabu. Kumbe ilikuwepo.

Duka hilo ninalipatia alama 3 kati ya 5. Bidhaa yenyewe ni nzuri, wanapima kilo kamili, na kopo lililoganda kabla ya wakati walinibadilishia bila ugomvi. Alama mbili nimezikata kwa makopo yasiyo na tarehe wala maelezo, na kwa lile neno kwamba silikoni zote ni moja. Mama wa kitongoji cha jirani alilisikia neno hilohilo na amekuwa akigandisha vitafunwa vya watoto kwenye kalibu ya bati. Nilikwenda kwake mwenyewe kumweleza.

Dada sasa ana vikombe 12 vya platinamu, kila kimoja kimekaa oveni saa 4 kabla ya keki ya kwanza. Kopo la silikoni ya bati lililobaki nimeliandika tarehe kwa wino mweusi na maneno SI YA CHAKULA, na liko rafu ya jipsam. Wiki ijayo namwaga ua la pili la dari.