Taya la chini likikatwa: bamba la titani au mfupa wa mguuni?

Uvimbe kama ameloblastoma, unaoota ndani ya mfupa wa taya, mara nyingi humlazimu daktari kukata kipande kirefu cha taya la chini. Pengo lisipozibwa, uso huvutwa upande mmoja, mate humtoka mgonjwa, na kutafuna huwa taabu.

Bamba la titani, metali nyepesi na imara, hukunjwa kufuata umbo la taya, kisha hukazwa kwa skrubu. Upasuaji ni mfupi, gharama ni nafuu, na mguu hauguswi. Shida huja baadaye. Bamba halikui wala halijitibu. Kila tonge huliyumbisha kidogo, na kwa miaka linaweza kuvunjika au kutoboa ngozi, hasa kidevuni na kwa waliopigwa mionzi.

Fibula ni ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Hutolewa pamoja na mshipa wake wa damu, na ngozi pia ikihitajika ndani ya mdomo. Hupatikana hadi sentimita 25 hivi, huku ncha zikiachwa ili goti na kifundo visilegee. Hukatwa vipande, ukapindishwa kama taya, kisha mishipa huungwa na ya shingoni chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi hii huchukua saa nyingi, na damu ikiganda mgonjwa hurudishwa haraka chumba cha upasuaji. Lakini mfupa huo uko hai: huunga, na meno ya kupandikizwa hushika.

Kwa kijana mwenye afya, mimi ningepigania fibula. Kwa mzee ambaye mishipa ya miguu yake imeziba, bamba linatosha, likifunikwa kwa nyama ya kifuani.