Maonyo ya Windows yamerudi kwenye mashine zangu: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nyota nne kati ya tano. Nimeanza na nyota kwa sababu najua wengine mtaishia hapo. Ninachokipima ni kitu ambacho hakuna anayekinunua peke yake: yale maonyo ya Windows yanayotokea ukibofya faili ulilolipakua mtandaoni, kabla halijafunguka. Kwenye kompyuta zangu yalikuwa yamezimwa. Nimeyarudisha, nimefanya nayo kazi kuanzia msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB hadi leo, na nina la kusema.

Nina duka la stesheneri Nyegezi, Mwanza. Kazi ni zile zile: kuprinti, kutoa kopi, kuskani vyeti, kubaindi ripoti, kumjazia mtu fomu ya mkopo, kumpandishia viambatisho kwenye Ajira Portal. Mafaili ya wateja yananijia kwa barua pepe ya duka, kwa WhatsApp tuliyoifungua kwenye brauza, au kwa flashi. Mashine ninazo tatu, zote za mtumba, zote kutoka kwa muuzaji mmoja wa mjini ambaye simtaji. Zilikuja zikiwa safi, zinawaka haraka, Office imo ndani, na haziulizi chochote. Hilo la kutouliza alilitaja kama sifa: "Hizi nimeshazitengeneza, hazitakusumbua."

Kwa kweli namwelewa. Windows ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, hati ya Word uliyoipakua kutoka kwenye barua pepe inafunguka katika hali inayoitwa "Protected View". Unaona mstari wa njano juu, huwezi kuandika, na ukienda kuprinti unaambiwa kuprinti kumefungwa hadi ubonyeze "Enable Printing". Kwa mtu wa ofisini mwenye hati mbili kwa siku si kitu. Kwangu mimi, asubuhi ya siku ya mwisho ya kukusanya ripoti za mafunzo ya vitendo, foleni imefika barazani na kila mtu anasema yake ni kurasa chache tu, ule mstari wa njano unachosha. Ndiyo maana mafundi wanaotengenezea watu wa stesheneri wanauondoa. Shida ni kwamba hawauondoi peke yake.

Brauza inapohifadhi faili kwenye diski ya Windows, inalibandika alama isiyoonekana iitwayo Zone.Identifier, ambayo ndiyo chanzo cha maonyo yote hayo. Ndani yake kuna maandishi mafupi, na la maana ni ZoneId=3, yaani faili hili limetoka intaneti. Windows imekuwa ikiitumia alama hii kama msingi wa maonyo tangu XP ilipopata Service Pack 2, Agosti 2004, na hadi leo vitu vingi vinaitegemea. Word inaisoma ndipo ilete mstari wa njano. Excel inaisoma ndipo izuie makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), na tangu 2022 zuio hilo la makro halina kitufe cha kuliruka pale pale. SmartScreen, kichujio cha Windows chenye dirisha la buluu, inaisoma ndipo iamue kulichunguza faili. Hata lile dirisha dogo la zamani, "Open File - Security Warning", linaitegemea. Sasa muuzaji wangu, ili tu kuufukuza mstari wa njano, alikuwa ameweka kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows) SaveZoneInformation yenye thamani 1. Maana yake Windows isihifadhi alama hiyo kabisa. Kwa mstari mmoja walinzi wote wanne wamepewa likizo, na mwenye duka hana habari.

Aliyegundua ni kijana fundi niliyemwita kwa ajili ya printa. Alipakua draiva, akabofya, ikaanza kujiweka yenyewe. Akaondoa mkono kwenye mausi.

"Mama, hii mashine haijauliza kitu?"

"Huwa haiulizi."

"Basi imenyamazishwa. Hata ruhusa ya msimamizi haikuomba."

Printa ikasubiri. Akafungua mashine moja baada ya nyingine, zote hali ile ile. Hapo ndipo nilipofikiria mafaili yaliyomo: vyeti vya watu, namba za NIDA, barua za maombi, vyote vimekaa kwenye folda za wateja kwa sababu wengi wanarudi wiki inayofuata wanataka kopi nyingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtu akiniuliza nimelinda vipi cheti chake, jibu la "muuzaji aliniambia haitasumbua" halifiki mbali.

Kazi yenyewe ya kurudisha haikuwa kubwa, na aliifanya huku ananieleza, jambo ambalo nampa sifa. Kwenye mashine mbili zenye Windows Pro alifungua gpedit.msc, kihariri cha sera za Windows, akaenda upande wa mtumiaji, Administrative Templates, Windows Components, Attachment Manager. Pale kuna kipengele "Do not preserve zone information in file attachments". Kilikuwa "Enabled", akakirudisha "Not Configured". Angalieni hapo, jina lake ni la kukanusha. Ukikiwasha ndiyo unazima ulinzi, na watu wengi wanapotelea hapo. Chini yake kuna kingine kinachoorodhesha aina za mafaili yanayohesabiwa kuwa hayana hatari. Kwenye mashine moja orodha hiyo ilikuwa imejazwa .exe, .bat na .vbs. Yaani zile zile zenye hatari ndizo zilizosamehewa. Akaifuta.

Mashine ya tatu ni Windows Home, haina gpedit, kwa hiyo alipita regedit, kihariri cha rejista: HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Policies, Attachments. Kabla ya kugusa alihifadhi nakala ya sehemu hiyo kwa "Export", kisha akaifuta SaveZoneInformation. Tena hii ni mipangilio ya mtumiaji mmoja mmoja. Kama kompyuta ina akaunti mbili, ya kwako na ya msaidizi, unaikagua kila akaunti.

Mengine yalikuwa ya haraka. Kwenye Internet Options (andika inetcpl.cpl), ukurasa wa Security, alibonyeza kitufe cha kurudisha kanda zote kwenye hali ya mwanzo. Kwenye Windows Security, sehemu ya App & browser control, akawasha "Check apps and files". Swali la ruhusa ya msimamizi, lililokuwa limeshushwa hadi chini kabisa, likapandishwa. Tukazima, tukawasha, tukapakua draiva ile ile upya, na safari hii kwenye Properties pakatokea maandishi yanayosema faili limetoka kwenye kompyuta nyingine, na pembeni kisanduku cha "Unblock". Huo ndio ushahidi unaoutafuta. Mafaili ya zamani hayakupata alama, na hayatapata. Yaliyoingia wakati wa ukimya yamebaki vile. Folda ya Downloads tuliichunguza kwa Defender, kizuia virusi cha Windows, tukafuta kila kilichokuwa cha kujiweka ambacho hakuna aliyekumbuka kilitoka wapi.

Sasa matumizi. Nilidhani duka litajaa madirisha ya kuuliza. Siku nyingi hata moja halitokei. PDF na picha, ambazo ndizo karibu kazi yangu yote, zinafunguka bila neno, kwa sababu maonyo makali ni ya mafaili yanayoweza kutenda jambo kwenye mashine. Kwenye stesheneri faili la namna hiyo halina shughuli. Likitokea, kuna kitu cha kuangalia.

Lilitokea. Mwanafunzi alitaka PDF yake iwe Word ili arekebishe sura ya pili, akampa binti anayenisaidia anwani ya programu ya bure ya kugeuzia. "Dada, wewe bonyeza tu, mimi huwa naitumia hiyo hiyo." Akapakua, akabofya, likaja dirisha la buluu: "Windows protected your PC". Uzuri wa dirisha hilo, na hapa Microsoft wamefikiri, ni kwamba kitufe kinachoonekana ni kimoja tu, "Don't run". Cha kuendelea kimefichwa nyuma ya maandishi madogo ya "More info". Mtu mwenye haraka anabonyeza kinachoonekana, na kinachoonekana ni cha kukataa. Binti akakosa pa kubonyeza ili aendelee, akaniita.

Nilifungua ile alama kwa Notepad, kwa kuandika jina la faili likifuatwa na nukta mbili na Zone.Identifier. Huwa brauza inaandika humo pia HostUrl, yaani anwani faili lilikotoka. Haikufanana hata kidogo na jina la tovuti ambayo kijana alikuwa akiisifu. Kama faili lilikuwa na kirusi au halina, sikulifungua ili nijue. PDF yake tuliifungua moja kwa moja ndani ya Word, ambayo tangu toleo la 2013 inaweza kuigeuza yenyewe, akarekebisha sura yake akaondoka.

Upande wa pili, mwalimu wa sekondari alileta kwa barua pepe faili la Excel la matokeo, lenye makro za kupanga nafasi na madaraja. Zamani lingefunguka tu. Sasa ulikuja mstari mwekundu, makro zimezuiwa, na hakuna kitufe cha kukubali. Ilibidi tulifunge, twende Properties, tuweke tiki kwenye "Unblock", tulifungue tena. Mwalimu namfahamu, faili lake nalifahamu, kwa hiyo tulifanya. Alinung'unika kidogo. Nadhani hicho ni kipimo sahihi cha usumbufu: unampata mtu mmoja mwenye haki kwa nadra, na dakika zake mbili zinaliwa.

Kuna usumbufu mwingine uliokuja na masasisho ya Oktoba 2025. Ile paneli ya kuonyesha faili bila kulifungua, ambayo niliitumia sana kutafuta PDF ya mteja kati ya nyingi zenye jina "CV", sasa inakataa kuonyesha faili lenye alama ya intaneti. Usalama wake una sababu, kwani kulikuwa na njia ya kuiba taarifa za kuingilia kwa kupitia paneli hiyo, lakini mimi imenirudisha nyuma. Tunachofanya ni kubadilisha jina la faili pale pale linapopakuliwa.

Nyota iliyokatwa ni ya flashi. Alama ninayoizungumzia inaishi kwenye diski za NTFS, yaani mpangilio wa mafaili wa diski za Windows. Flashi nyingi za wanafunzi zina mipangilio mingine, FAT32 au exFAT, na huko alama haishiki. Faili lililopakuliwa mahali pengine, likapita kwenye flashi, likifika kwangu halina kumbukumbu ya kutoka intaneti, na hakuna onyo hata moja linaloitegemea alama hiyo litakalotokea. Wakati wenye stesheneri wote tunajua vidudu vyetu vikubwa vinakuja na flashi: vile vya kugeuza folda zote kuwa shotikati, mtu anakulilia kuwa tasnifu imepotea. Kwa hiyo maonyo haya yanalinda mlango wa barua pepe na WhatsApp. Wa flashi unabaki kwa Defender na macho yako. Hapa dukani flashi ikichomekwa inachunguzwa kwanza, na tumewasha maonyesho ya viambishi vya mafaili, ili kitu kama Tangazo_la_kazi.pdf.exe kisijifanye PDF.

ZIP nazo ziangalieni. Windows ikiifungua yenyewe, alama inahamia kwenye mafaili ya ndani. 7-Zip, programu nyingine ya kufungulia ZIP, ilipata uwezo huo kuanzia toleo la 22.00, mwaka 2022, lakini ulikuja ukiwa umezimwa, unauwasha mwenyewe kwenye Options, palipoandikwa "Propagate Zone.Id stream". Mimi nimeweka "Yes".

Na mstari wa njano, uliosababisha yote? Upo. Tumebandika karatasi mlangoni: "Tafadhali tuma PDF." Nusu ya wateja wameitikia, na faida nyingine ni kwamba kurasa hazihami mpangilio zinapofika kwangu. Kwa hao wengine tunabonyeza tu "Enable Printing".

Fundi alichukua elfu kumi na tano kwa mashine zote tatu, pamoja na printa aliyokuja kwa ajili yake. Sioni kama ni ghali. Maonyo yenyewe ni bure, yamo ndani ya Windows uliyonayo, na mwenye kuthubutu kufungua regedit anaweza kuyarudisha bila kumwita mtu. Nilichomwomba zaidi ni kuniandikia kwenye karatasi kila alichobadilisha, na kilikuwaje kabla. Aliandika, mwandiko mbaya, lakini unasomeka.