Mshauri wa benefiti aliyesoma mkataba bila kuuliza masaa

Nampa nyota 2. Naanza hivyo ili nisionekane nina chuki, maana fomu anajaza vizuri, Kiingereza chake cha barua kimenyooka, na watu wengi wa kwetu huku Midlands, Uingereza, amewasaidia. Lakini mimi kanitia kwenye deni ambalo mpaka leo linakatwa.

Wakati ule Working Tax Credit, benefiti ya serikali ya kumwongezea kipato mfanyakazi wa mshahara mdogo, ilikuwa bado ipo. Nalea watoto peke yangu, nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wasiojiweza, na kwa mzazi aliye peke yake sharti lilikuwa kufanya kazi masaa 16 kwa wiki. Mkataba wangu uliandikwa 16. Kampuni ikapoteza wateja, zamu zikapungua, wiki moja 13, nyingine 11, na meneja kila siku anasema zitarudi. Nikaona nisikae kimya. Nikaenda kwa huyu ndugu yetu mwenye ofisi ya ushauri, nikalipa taslimu kabla hata sijakaa.

Akachukua mkataba, akatazama ukurasa wa kwanza, akasema, "Dada, hapa pameandikwa 16. Huna shida, nenda kazini." Nikamtolea karatasi za mshahara. Hakuzishika. Nikamwambia, kaka, masaa ninayofanya kweli hayafiki hapo. Akanijibu mbele ya wateja wengine: "Umekuja kuuliza au kunifundisha kazi?" Nikanyamaza. Nilikuwa na mtoto mgongoni na ukumbi mzima unanitazama.

Sasa sikieni ilivyokuwa. HMRC, yaani mamlaka ya kodi waliokuwa wakilipa pesa hizo, hawakushikilia mkataba; walitaka masaa unayofanya kwa kawaida na kulipwa. Ukishuka chini ya 16 ulipaswa kuwaarifu ndani ya mwezi 1. Malipo yaliendelea wiki 4, kisha yanakatika, na msaada wa kumlipa mlezi wa watoto unakatika pamoja nayo. Usipoarifu, faini iliweza kufika pauni 300. Anayechukua pesa za watu kwa jina la ushauri alipaswa kuyajua haya usingizini. Angeniuliza tu, "wiki hizi umefanya masaa mangapi?", ningekuwa nimesalimika.

Barua ikaja: nimelipwa kupita stahili yangu, nirudishe. Nikarudi kwake. Akasema tupinge kwa fomu ya TC846, na hiyo nayo akaitoza. Nikalipa tena, ningefanyaje? Ikakataliwa, maana fomu ile ilikuwa ya kupinga pale HMRC wenyewe walipokosea. Kosa la mshauri wako haliwahusu. Aliyenieleza hilo ni binti wa kujitolea kwenye kituo kimoja cha ushauri wa bure. Aliniuliza masaa kabla ya kuniuliza kitu kingine chochote, akazipitia karatasi zote moja moja, kisha akaniandikia majibu yake na kuweka tarehe. Bure kabisa! Nilitokwa machozi pale pale, kwa shukrani na kwa hasira pamoja.

Kwa hiyo ile nyota ya pili naifuta. Fomu iliyojazwa vizuri juu ya jibu baya ina faida gani?

Tax credits zilifungwa Aprili 2025. Deni langu lilihamia Universal Credit, benefiti iliyochukua nafasi yake, na linakatwa humo kila mwezi, kwenye pesa ya chakula cha wanangu. Ofisi yake iko wazi, sasa anashauri watu hiyo hiyo Universal Credit. Mtasema huko hakuna tena sharti la masaa 16, atakosea wapi? Huko wanatazama mshahara ulioingia mwezi ule, na ukivuka kiwango unachoruhusiwa kupata bila kukatwa, kila pauni ya mshahara inakupunguzia malipo kwa peni 55. Zamu zikicheza, malipo yanacheza. Mtu asiyefungua karatasi za mshahara atakushauri nini hapo?

Mkienda kwake, dai jibu kwa maandishi, lenye tarehe na jina lake, kabla hujatoa hata pauni. Mimi pesa zangu nimezidai, simu hapokei.