Manowari au mkataba: kipi kiliwabana zaidi wauza watumwa Zanzibar?

Doria ya baharini ndiyo inayosimuliwa sana. Kuanzia 1874 hadi 1883 HMS London, manowari kuukuu ya Waingereza, ilikaa Zanzibar, na mashua zake zikavizia majahazi pande za Pemba. Kazi ilikuwa ya hatari: Desemba 1881 kapteni wake, Brownrigg, aliuawa alipolifuata jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Lakini mabaharia walilipwa kwa kila mtumwa waliyemkomboa na kwa ukubwa wa chombo walichoharibu. Tamaa haikukosa kuingia. Majahazi ya biashara halali nayo yaliteketezwa, wenyewe wakabaki kulalamika.

Mkataba haukuwa na mbwembwe hizo. Balozi wa Uingereza, John Kirk, alimbana Sultani Barghash kwa tishio la kuzingirwa kisiwa, naye akaridhia tarehe 5 Juni 1873: soko la Mkunazini likafungwa, kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku. Wafanyabiashara wakahamia nchi kavu, wakaswaga misafara kandokando ya pwani kuelekea kaskazini, hadi Barghash alipopiga marufuku hilo pia mwaka 1876. Mashambani, utumwa uliendelea kuwa halali hadi 1897.

Mimi naupa mkataba ushindi, ingawa bila manowari nyuma yake Barghash asingetia saini. Ule mzingiro wa Wajerumani na Waingereza wa 1888–1889, uliotangazwa kuwa wa kuzuia watumwa na bunduki, siuingizi kwenye mizani hii. Aliyelengwa hasa pale alikuwa Abushiri, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani.