Video za simu kwenye deki ya bibi: uzoefu wangu na DVDStyler

Harusi ya mdogo wangu tuliirekodi kwa simu. Bibi hakuweza kushuka kutoka Lushoto, miguu inamsumbua, na kwake kuna TV ya chogo na deki ya zamani isiyo na tundu la flashi. Nikamwahidi kwamba harusi ataiona hapohapo sebuleni kwake. Kuitimiza ahadi hiyo kumenichukua wiki tatu.

Kwanza niliyachoma mafaili ya MP4 kwenye DVD tupu kama yalivyo. Kwenye laptopu yakacheza bila shida. Deki ya bibi ikazungusha, ikanguruma, ikagoma. Kumbe deki kama ile inataka video ya MPEG-2, yaani aina ya video inayotumika kwenye DVD, iliyopangwa ndani ya folda ya VIDEO_TS. MP4 ya simu haiijui kabisa.

Nikapeleka flashi kwa fundi mmoja. Safari hii DVD ilicheza, lakini haina rangi! Sare za zambarau za mawifi, maua, keki, vyote kijivu. Fundi alichagua NTSC, mfumo wa picha za TV wa Marekani na Japani, wakati TV ya bibi ni ya mfumo mwingine, PAL, tu. Iliniuma, maana nilishalipa na hela haikurudi. Nikajaribu programu moja ya kulipia kwa toleo la majaribio, nayo ikabandika jina lake katikati ya picha, juu ya uso wa bibi harusi.

Ndipo nikapakua DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD za video. Ni ya bure, na haibandiki chochote juu ya picha. Ukianza kazi mpya inakuuliza ukubwa wa diski, mfumo wa picha na umbo lake. Nikachagua GB 4.7, PAL, yaani 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde, halafu umbo la 4:3 kwa sababu ya ile TV. Hapo kwenye PAL na NTSC pasome mara mbili, ndipo fundi wangu alipoteleza.

Kilichonifurahisha zaidi ni menyu. Niliweka picha ya maharusi nyuma na vitufe vitatu kwa Kiswahili: Ndoa, Ukumbini, Salamu. Bibi anabonyeza rimoti tu.

Video zangu zilikuwa za saa 1 na dakika 50, na diski moja ilizibeba zikabaki na ubora mzuri. Ukizidisha sana saa mbili, gawa diski mbili, vinginevyo nyuso zinaanza kuwa na vumbivumbi. Laptopu yangu ni ya kizamani, ilikesha ikigeuza video kuwa za DVD. Vipande alivyorekodi kaka akiwa amesimamisha simu vimetoka kama utepe mwembamba katikati, kwa hiyo jamani, lazeni simu. Kuchoma nilitumia DVD-R kwa kasi ya 4x, sikutaka haraka.

Jumapili mjomba akanipigia, akaweka spika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ngoja kwanza, mjomba wako asimamishe hapo. Huyu wa kilemba cha kijani si mtoto wa marehemu dada yangu?"

Ndiye. Walirudia kipande hicho mara nne nikiwa bado hewani, na kila mara nilimsikia bibi akimwita kwa jina.

Ameshaagiza na ya send-off. Naandika hapa laptopu iko mezani inageuza, imefika asilimia 62.